Meno Yenye Ganzi

Tabibu Eustace alifika Ruangwa mwaka 1997 juu ya lori la mabati, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni maji ya kunywa yako wapi. Cha pili kilikuwa kama najua Kimwera. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Mandawa, kama si Kimwera ningejua nini tena, Kijerumani? Hakucheka. Alisema, "Basi wewe utakuwa na mimi." Ndivyo nilivyotolewa kwenye ufagio wa wodi nikapelekwa kwenye meno, na kwenye meno nikakaa miaka kumi na miwili.

Jina langu ni Zaina, ila kazini waliniita Mama Imrani kwa jina la mwanangu. Tabibu alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mgongo umeshaanza kuinama kwa ajili ya vinywa vya watu. Kabla ya hapo alikuwa Nachingwea miaka minne. Ruangwa ilipotengwa ikawa wilaya inayojitegemea, ikahitaji tabibu wake wa meno, wakamchagua yeye, na sababu aliitoa mwenyewe: wenzake wote walikuwa na mjomba au shangazi wa kuwasemea, yeye ndugu zake wote wako upande wa pili wa nchi. Mkewe Marietha alimfuata mara moja, mwaka 1998. Akakaa wiki tatu, akasema joto la huku halina adabu, akarudi kwao. Barua zao ziliendelea kwa muda, kisha nazo zikachoka.

Chumba chetu kilikuwa na kiti cha mbao chenye ubao wa kuegemeza kichwa, dirisha moja, kabati moja, na jiko la mafuta ya taa nililochemshia makoleo. Wagonjwa walikaa kwenye benchi nje. Siku za kawaida walikuwa kumi na tano. Msimu wa kupalilia ukiisha walikuwa arobaini, kwa sababu mkulima haachi jembe kwa ajili ya jino. Analibeba hilo jino shambani mpaka magugu yaishe, ndipo analileta. Wengine walikuwa wameshalidondoshea mafuta ya ganda la korosho ili kuua maumivu, wanafika fizi zimeungua na shavu limevimba, kisha wanaapa mbele ya Mungu kwamba hawajaweka kitu.

Kazi ya tabibu ilikuwa kung'oa. Hakukuwa na kazi nyingine. Alisomea kuziba meno chuoni, cheti kilisema hivyo, lakini huwezi kuziba jino kwa koleo. Kila Januari aliandika barua kuomba kiti cha kuzibia, kile chenye mashine ya kutoboa na taa yake. Nilimpelekea barua hizo mwenyewe kwenye ofisi ya mganga mkuu. Majibu yalipokuja, kama yalikuja, yalisema jambo moja: kwa mujibu wa taarifa zako mwenyewe, wagonjwa wa huko hufika wakati meno yameshakufa, kwa hiyo kiti hicho hakitakuwa na kazi. Alikuwa akisoma jibu, analikunja mara nne, analiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Ile meza haikuwahi kuyumba tena.

"Hii mikono imesomea kuponya jino, Mama Imrani," aliniambia siku moja akinawa. "Inafanya kazi ya mchimba kaburi."

Hapo ndipo alipopata ule msemo wake. Kila akimaliza kung'oa, alimwonyesha mgonjwa jino kwenye sahani ya bati, akamwambia, "Pole. Lilikuwa limeshakufa, tumelizika tu." Nadhani maneno yale aliyasema kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya mgonjwa. Yalimwezesha kumwita anayefuata.

Mimi kazi yangu ya pili, baada ya kuchemsha, ilikuwa mdomo. Wazee wetu wengi Kiswahili wanacho cha sokoni na cha salamu, lakini maumivu wanayo kwa Kimwera. Tabibu aliuliza maswali matatu tu, maana benchi lilikuwa refu. Jino linauma lenyewe au mpaka ulitafunie? Linakuamsha usingizini? Ukinywa maji baridi, likoje? Mimi nilimgeukia mgonjwa nikauliza, nikasikiliza, nikamgeukia tabibu nikajibu. Lile la tatu mara nyingi jibu lilikuwa neno moja la Kimwera. Silitaji hapa, kwa sababu kila nikiliandika herufi za shule zinalikataa. Nililitafsiri kwa neno moja la Kiswahili vilevile: ganzi.

"Anasema lina ganzi, tabibu."

Naye aliandika kwenye daftari, akaomba sindano, na baada ya dakika ishirini jino lilikuwa kwenye sahani.

Mwaka 1999 nilikaa kwenye kile kiti mimi mwenyewe. Lilikuwa jino la juu, la tatu kutoka mbele upande wa kushoto, lenye kitobo kidogo. Nilikuwa nikinywa maji ya mtungini bega linapanda lenyewe mpaka kwenye sikio. Tabibu akaniuliza yale maswali yake kwa haki kama alivyomwuliza kila mtu. Nikamjibu kwamba haliumi lenyewe, haliniamshi, ila kwa maji ya baridi ganzi tu. Aliling'oa vizuri, sikuhisi kitu. "Tumelizika tu, Mama Imrani," akasema. Nikashukuru. Sikuwahi kujua kwamba kuna kitu kingine mtu anaweza kulifanyia jino zaidi ya hicho. Nani angeniambia?

Machi mwaka 2005, wakati ambao mtu mwenye akili zake hasafiri kuja Ruangwa, alikuja daktari mwanamke kutoka chuo cha Dar es Salaam. Aliitwa Doreen. Alikuwa hajafika miaka thelathini, amevaa buti za mvua, na alimwamkia tabibu kwa heshima mpaka mzee wa watu akatafuta mahali pa kuweka mikono yake. Alikuja na gari, dereva aitwaye Jonasi, jenereta dogo, na sanduku la baridi lenye vipande vya barafu. Alikuwa anafanya utafiti Nachingwea na kwetu.

Alitueleza wote wawili, hata mimi, kitu ambacho sijamsikia msomi mwingine akimweleza mhudumu. Alisema jino si jiwe. Ndani yake kuna nyama laini yenye damu na mshipa wa fahamu, na nyama hiyo inaweza kuvimba kama nyama yoyote ya mwili. Kidole kikivimba kinanenepa tu. Lakini nyama ya ndani ya jino imefungiwa, haina pa kunenepea, inajibana yenyewe. Mwanzoni ukiliziba lile tundu nyama inatulia, jino linapona. Ukichelewa, inaungua yote, hapo hakuna dawa. Tatizo ni kwamba kwa nje huwezi kuona imefika wapi. Inabidi umwulize mgonjwa, na mgonjwa anasema anavyojua yeye.

"Mimi sitaki kumwuliza mgonjwa," Doreen alisema. "Nataka kuiuliza damu."

Alikuwa na vijiti vya karatasi vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Jino ambalo tabibu ameshaamua kuling'oa, baada ya sindano, Doreen alilitoboa kidogo kwa mashine yake, akachovya kijiti kwenye tone la damu ya ndani, akakitia kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu. Huko maabara wangepima viashiria, yaani vitu ambavyo mwili huvimwaga mahali palipovimba. Vikiwa vichache, nyama ya ndani ingeweza kupona. Vikiwa vingi, imeshaungua. Utaratibu ulikuwa kwamba tabibu anajaza fomu yake chumbani na Doreen anachukua damu yake ukumbini, na hakuna kuona cha mwenzake mpaka mwisho, ili mmoja asimfuate mwingine.

"Na wewe mzee," akamwambia tabibu siku ya kwanza, "sikiliza vizuri. Wanaotulipia utafiti huu wana kiti kimoja cha kuzibia. Kitakwenda pale ambapo damu itaonyesha kuna meno yanang'olewa na kumbe yangepona. Kikija kwenu, ni chenu."

Nilimwona tabibu akiangalia ule mguu mfupi wa meza. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Kesho yake alikuja amenyoa ndevu.

Wiki tatu tulifanya kazi hiyo. Meno arobaini, fomu arobaini, vichupa arobaini. Tabibu aliuliza maswali yake matatu, mimi nikatafsiri, yeye akaandika kwa mwandiko safi kuliko nilivyowahi kuuona. Namba kumi na nne alikuwa Bibi Kulthumu wa Mandawa, jirani wa marehemu mama yangu, mwanamke asiyemwogopa mtu. Aliulizwa kuhusu maji baridi, akajibu lile neno, nikasema ganzi, tabibu akaandika. Jino likaenda. Jonasi alikuwa akipeleka sanduku Nachingwea kwenye umeme wa uhakika, na mara moja gari lilikwama kwenye tope upande wa Marambo kutoka asubuhi mpaka jioni. Alirudi amelowa matope mpaka kifuani.

"Maza, barafu imekuwa maji yote. Noma," akaniambia.

Doreen aliondoka. Tukarudi kwenye makoleo yetu.

Alirejea Novemba, korosho zimeanikwa kila uwanja. Nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyoshuka garini polepole. Alikaa na tabibu kwenye benchi la wagonjwa, mimi nikiwa mlangoni na beseni.

"Mzee, ya Nachingwea yamekubaliana vizuri," alisema. "Fomu inasema jino limekufa, damu inasema limeungua. Fomu inasema lingepona, damu inasema hivyohivyo. Ya hapa ni kinyume. Meno ishirini na sita uliandika kwamba hayasikii baridi, yaani yameshakufa. Katika hayo, ishirini na matatu viashiria ni vichache kabisa. Kwa damu hii, yalikuwa mazima yanayoumwa kidogo tu."

"Haiwezekani," tabibu akasema.

"Msimamizi wangu naye amesema haiwezekani. Anasema damu iliharibika njiani kwa joto. Joto linavunja hivyo vitu, ukija kupima unakuta vichache. Kwa hiyo ya Ruangwa ameagiza niyaondoe."

"Na kiti?"

Doreen aliangalia buti zake. "Bila damu ya hapa sina cha kuonyesha, mzee. Nitakaa siku mbili nichukue fomu za asili na kufunga mahesabu, halafu naondoka."

"Miaka minane naandika barua," tabibu akasema, "na nimeshindwa na barafu." Kisha akainuka, akamwita mgonjwa anayefuata.

Mchana ule Doreen alikuwa anapanga fomu mezani, mimi nakausha vikombe. Nilimwonea huruma tabibu mpaka nikaona niulize, ingawa mambo ya karatasi si yangu.

"Dada Doreen, samahani. Hapa kwa Bibi Kulthumu, namba kumi na nne, tabibu ameandika nini?"

Akasoma. "Maji baridi: ganzi. Kwa hiyo halisikii."

"Ganzi ni halisikii?"

"Ndiyo. Si ndiyo mnayomchoma mgonjwa kabla ya kung'oa? Mguu ukifa ganzi unasikia kitu?"

Nilimaliza kukausha kile kikombe, nikakianza upya. Ujue, mimi nimekua nakula maembe mabichi. Ukila embe bichi na chumvi, meno yanaingia ganzi, yaani yanasisimka mpaka huwezi kutafuna hata ugali. Ukila ukwaju ni ganzi. Ukinywa maji ya mtungini na jino lina kitobo, ganzi, bega linapanda. Hiyo ndiyo ganzi niliyokuwa nikiitafsiri miaka yote. Lile neno la Kimwera halina maana nyingine zaidi ya hiyo. Jino linasikia, tena linasikia kuliko unavyotaka. Na tabibu wa watu, aliyejifunza Kiswahili shuleni na ganzi akaijulia kwenye sindano ya chuoni, kila niliposema "lina ganzi" alisikia "limekufa." Akaandika hivyo kwenye taarifa. Taarifa zikaenda juu. Majibu yakarudi kwamba meno ya Ruangwa yamekufa, kiti cha nini.

Damu haikuharibika. Barafu ilitosha, au haikutosha, vyovyote vile; damu ilisema kweli. Kilichoharibika kilikuwa kati ya mdomo wangu na sikio lake.

Nilikuwa na siku mbili, na sitasema uongo, ya kwanza niliipoteza makusudi. Nikinyamaza, kinachopotea ni kiti. Kiti hatujawahi kuwa nacho, tungeendelea kutokuwa nacho. Nikisema, kiti huenda kikaja, lakini tabibu atajua. Mtu ambaye kwa miaka minane aliusimamisha mgongo wake mbovu kwa maneno "limeshakufa, tumelizika tu" atajua kwamba alikuwa anazika vitu vinavyopumua. Na atajua kwamba aliyemwambia ni mimi. Niliogopa hilo la pili zaidi, naungama. Niliunguza maharage, nikamfokea Imrani bila kosa, nikajikuta nachemsha makoleo yaliyokwisha kuchemshwa.

Siku ya pili asubuhi, Jonasi akipakia sanduku, nani yuko kwenye benchi? Bibi Kulthumu. Amekuja na jino jingine, jirani wa lile la Machi. Safari hii amejitanda kanga mbili, maana asubuhi ile kulikuwa na upepo.

Nikamwingiza yeye kwanza. Tabibu akauliza kwa sauti yake ya kuchoka, macho kwenye daftari. Linauma lenyewe? Nikatafsiri. Hapana. Linakuamsha? Hapana. Ukinywa maji baridi, likoje?

Bibi Kulthumu akajibu lile neno.

"Anasemaje?"

"Anasema lina ganzi, tabibu."

Akaanza kuandika. Nikamwambia, "Ngoja, tabibu. Usiandike." Nikamwita Doreen, akaja na funguo za gari mkononi. Nikachota maji kwenye mtungi uliokaa kivulini tangu alfajiri, kikombe kimejaa, nikampa bibi, nikamwambia kwa Kimwera ayaweke upande wa jino.

Aliyaweka. Akaruka kwenye kile kiti cha mbao, mabega yamepanda mpaka masikioni, maji yakanimwagikia kifuani, akanitukana tusi la wazazi wangu ambalo silitafsiri, na mimi wazazi wangu wote walikuwa rafiki zake.

"Hiyo," nikasema, "ndiyo ganzi."

Doreen alikuwa wa kwanza kuelewa, nilimwona akifumba macho. Tabibu aliangalia kikombe. Aliangalia mabega ya bibi, ambayo yalikuwa bado yanashuka polepole. Kisha akaniangalia mimi.

"Wote?" akauliza.

"Wote niliokutafsiria hilo neno, tabibu. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani jino la namna hiyo ndivyo linavyofanywa."

Aliweka kalamu chini. Akaenda kwenye kabati akatoa madaftari yote, tangu lile la 1997 lenye jalada lililoliwa na mchwa, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, bibi akiwa ameshashuka, akaanza kusoma, kidole kikipita mstari kwa mstari. Nilitoka nje nikawaambia watu tabibu anaumwa, warudi kesho.

"Anaumwa nini?" Bibi Kulthumu akauliza, shavu kalishika.

"Jino," nikasema.

Alisoma mpaka saa tisa. Nilimwekea uji, ukaganda. Nilisimama karibu na jiko lililozimwa nikisubiri anifukuze, anitukane, chochote. Ningependa sana anitukane. Alipofika daftari la 2003 alilifunga katikati.

"Nimefika elfu moja na mia moja na kitu," akasema. "Siendelei."

"Nisamehe, tabibu."

"Wewe ulitafsiri sawasawa. Mimi ndiye sikuuliza mara ya pili." Akalisukuma daftari kando. "Niliwaambia watu yamekufa, Mama Imrani. Kwa mdomo wangu. Wakanishukuru."

Nililia, na naona haya kuandika kwamba nililia kwa uchovu kuliko kwa majuto. Yeye hakulia. Aliomba maji, nikampa katika kikombe kilekile, akanywa polepole.

Doreen hakuondoka siku hiyo. Alikaa wiki nzima, tukawatafuta wagonjwa kumi na wanane wa zile fomu, Mandawa, Namungo na vitongoji vya karibu, tukawauliza upya kwa maneno yasiyo na neno ganzi. Jino lilikuwa linasisimka au lilikuwa kimya? Wakaonyesha kwa mabega. Msimamizi wake akaikubali damu ya Ruangwa. Kwenye ripoti tabibu aliandika sehemu yake mwenyewe, ukurasa mmoja, akieleza kosa lilivyokuwa na ni la nani. Alijitaja yeye. Nilimwomba anitaje na mimi, akakataa.

Kiti kilifika Agosti 2007, kimefungwa kwa magunia. Watu walikuja kukiangalia tu. Wa kwanza kukalia alikuwa Bibi Kulthumu, maana lile jino la Novemba tabibu alikataa kuling'oa. Alilifunika kwa dawa ya muda akamwambia asubiri, naye kila akipita barabarani alikuwa akinipigia kelele kuuliza kiti kimefika wapi. Tabibu aliliziba kwa dakika hamsini, jasho likimtiririka, mikono imesahau mambo mengi. Mwishoni akampa maji ya mtungini mwenyewe. Bibi akanywa. Mabega hayakupanda. Tabibu alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Msidhani baada ya hapo alifurahi. Kila jino aliloziba lilimkumbusha, nilikuwa namwona. Alifanya kazi na kile kiti miaka miwili kwa namna ya mtu anayepanda mteremko na mzigo, bila kupumzika, bila kusifu. Neno ganzi hakulitamka tena. Hata ile sindano aliiita dawa ya kulaza. Maswali yake yakawa sita, kisha tisa, na kila mgonjwa alipewa kikombe, na tabibu aliangalia mabega kabla ya kusikiliza mdomo. Wagonjwa walilalamika kwamba siku hizi anachelewesha foleni. Mwaka 2009 alitimiza miaka hamsini na mitano akaomba kustaafu, wakamkubalia.

Nilimsindikiza kwenye basi la Nachingwea asubuhi, na sanduku lake la bati lilelile alilokuja nalo. Kijana mwingine wa kuziba alikuwa ameshapatikana, anajua kazi, ana haraka. Tukasimama bega kwa bega kama watu waliozoeana. Utingo akaanza kupiga bodi.

"Mama Imrani," akasema, mguu mmoja ukiwa ngazini. "Lile lako. La mwaka tisini na tisa."

Nilijua ameliweka moyoni miaka yote minne. Siku ile kwenye daftari alilipita bila kuliona, au alilisoma akanificha, sijui. Aliniangalia bega, si uso.

"Langu lilikuwa limeshakufa, tabibu," nikamwambia. "Ulilizika tu."

Akaitika kwa kichwa. Akapanda, akapata kiti cha dirishani, akanipungia mkono mpaka vumbi likamfunika. Alifariki kwao Bukoba miaka mitatu baadaye. Doreen ndiye aliyenipigia simu.

Nimeandika haya kwa sababu hawezi tena kuyasoma. Lilikuwa zima. Mpaka asubuhi ile ile aliyoling'oa, lilikuwa linanipandisha bega.